Kibao cha historia bonde la Lukuledi: kichimbiwe wapi, kiandikwe nini

Ukitoka Mingoyo kuelekea Masasi barabara inalifuata bonde la Mto Lukuledi. Unapita Mtama, Nyangao, Ndanda, kisha milima ya mawe ya Masasi inachomoza mbele ya kioo cha gari. Katika kipande hicho kimoja kuna misheni zilizochomwa 1905, uwanja wa mapigano ya siku nne kati ya Waingereza na Wajerumani, Oktoba 1917, pale Mahiwa, na tuta la reli ya mradi wa karanga wa wakoloni, iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya hayo inapita dirishani tu. Ndiyo maana kikundi cha wenyeji, shule au parokia ikipata vijisenti, wazo la kwanza huwa ni kusimamisha kibao.

Wazo ni zuri. Ila vibao vingi vya aina hii huharibika mapema, na si kwa sababu ya saruji. Huharibika kwenye sentensi ya kwanza.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba kijiji kilichopo barabarani ndicho kijiji cha zamani. Sehemu kubwa ya safu za nyumba unazoziona kando ya lami ni matunda ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipotolewa kwenye makazi yaliyotawanyika wakapangwa mistari karibu na barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie. Makazi ya mwanzo yako nyuma: kwenye miteremko, juu ya uwanda, au ndani ya mikorosho ambako leo hakuna nyumba hata moja. Wazee huyaita mahame. Kwa hiyo kibao kinachosema "Hapa ndipo wazee wetu walipoanzia" kikichimbiwa mita tano kutoka kwenye lami, karibu kila mara kinasema uongo kwa neno "hapa".

Kwa upande wa Wamakonde jambo hili lina maelezo yao wenyewe. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akiandika mila za watu wa kusini, na moja ya simulizi alizopewa ni ya asili ya kabila. Mtu mmoja alitoka porini Mahuta, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga. Mtoto akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Wa pili naye akazaliwa amekufa. Waliporudi Mahuta juu, wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa mwiko kukaa mabondeni na karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko maradhi na mauti yaliko.

Mtu anaweza kuicheka simulizi hiyo mpaka asimame Shimo la Mungu pale Newala, kwenye ukingo wa uwanda, aone bonde la Ruvuma lilivyo chini kabisa. Aliyekaa juu alikubali kushuka na kupanda na mtungi kichwani ili aepuke homa ya bondeni na wavamizi waliofuata njia za mito. Uwanda wa Makonde haukuwa na maji ya kutosha hadi mradi wa maji wa miaka ya 1950 ulipoanza kuyapandisha kwa pampu. Basi anayeandika historia ya makazi ya awali huku kwetu asitafute kando ya mto kwa kuwa amesoma kwamba ustaarabu huanzia mtoni. Huku mto ulikimbiwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe, na ianze kwa miguu. Tafuta mahame kati ya Juni na Septemba, majani yakishakauka lakini kabla moto wa mashamba haujapita kila mahali. Tembea na mzee mmoja kwa siku moja, na mwingine kwa siku nyingine. Ukiwachukua pamoja, wa pili atamheshimu wa kwanza na utarudi na jibu moja lililosemwa mara mbili. Angalia vigae vya vyungu, hasa vyenye nakshi shingoni. Angalia mawe ya kusagia yaliyolika katikati, mavi ya chuma yanayoonyesha palikuwa na mhunzi, na makaburi. Miembe na mibuyu mikubwa ni dalili, si ushahidi. Watu hupenda kusema kila mwembe mkongwe ni wa njia ya misafara ya watumwa na pembe. Inawezekana, lakini mwembe wa misheni na mwembe wa miaka ya 1930 navyo leo ni vikongwe, na mti hausemi aliyeupanda.

Kigae usikiokote. Piga picha kikiwa pale pale, weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, kiache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba wala kuhamisha vitu hivyo bila kibali, na zaidi ya sheria, kigae kilichoko kwenye droo ya mwalimu mkuu hakimwambii mtu chochote tena.

Vipimo vya mahali viandikwe kwa namba za desimali, tarakimu nne baada ya nukta. Zinatosha kumfikisha mtu ndani ya mita kumi na moja hivi. Na alama ya kutoa isisahaulike mbele ya latitudo. Masasi iko karibu na -10.72 na 38.80. Ondoa hicho kijistari na ramani itakupeleka Ethiopia.

Kuhusu kibali, mlango wa kwanza ni serikali ya kijiji. Ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo jambo lipite mkutano mkuu na muhtasari wake uwe na saini na muhuri. Ofisa utamaduni wa halmashauri apewe nakala. Kama kuna jengo au kaburi la kale, Idara ya Mambo ya Kale ihusishwe kabla ya jembe kugusa udongo. Na hapa miaka ina maana yake. Jengo lililojengwa kabla ya 1886 ni mnara wa kale, yaani linalindwa, kwa mujibu wa sheria yenyewe. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa. Kwa hiyo Boma la Mikindani, la 1895, na nyumba ya mawe ya matumbawe iliyolitangulia kwa miaka thelathini hazisimami mahali pamoja kisheria, hata kama mpita njia anaona mji mmoja wa kale. Milango ya nakshi ya Mikindani na Kilwa Kivinje ina mstari wake: iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa. Usiipigilie msumari kuning'iniza kibao chako.

Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Kila mtu anaifahamu alama ya X nyekundu inayopigwa kwenye vitu vya kubomolewa, na X haichagui kati ya kibanda cha chipsi na kumbukumbu ya mababu. Barabara ikipanuliwa, kibao ndicho cha kwanza kuondoka. Kwa barabara ya halmashauri waulize TARURA, kwa barabara kuu na ya mkoa TANROADS. Suluhisho linalofanya kazi ni kugawa kitu kimoja kuwa viwili: kibao chepesi cha kuelekeza karibu na lami, chenye kibali na kinachoweza kung'olewa bila msiba, na jiwe la maandishi ndani ya eneo la shule, zahanati au ofisi ya kijiji, ambapo mtu anasimama na kusoma.

Sababu nyingine ya kugawa ni macho. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva ana sekunde tatu, labda nne. Huo ni muda wa kusoma maneno matatu na mshale. Kwa hiyo kibao cha barabarani kiwe na jina, mshale na umbali tu, herufi za sentimita 15, nyeupe juu ya kahawia kama vibao vingine vya utalii: "MAHAME YA" na jina, "km 1.2". Hadithi ibaki kwenye jiwe, kwa herufi za sentimita 2.5 zinazosomeka na mtu aliyesimama hatua tatu. Vibao vinavyobeba aya tatu kando ya lami havisomwi na yeyote isipokuwa bodaboda anayesubiri abiria, na yeye alishavikariri.

Sasa maneno. Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kuliko kwenye zege.

Chukua Masasi. Sentensi inayojirudia ni hii: "Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere." Fupi, ina tarehe, ina jina kubwa, na imepinda. Kilichoanzishwa 1876 ni kituo cha UMCA, misheni ya Kianglikana. Wamakua na Wayao walikuwepo chini ya milima ile tayari. Tena Steere hakukusudia Masasi. Alikuwa akiwapeleka watu waliokombolewa utumwani kuelekea Nyasa, wakitokea Zanzibar kwa njia ya Lindi, wakaishia hapo. Jiwe linaweza kusema hivi, na bado likawa fupi:

"MASASI. Wamakua na Wayao waliishi chini ya milima hii kabla ya 1876. Mwaka huo Edward Steere, askofu wa UMCA, alifika kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari yao ilikuwa ya Nyasa, wakajenga hapa. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, baadhi ya watu wakachukuliwa mateka."

Hata maneno 60 hayafiki. Yapange kwa mfuatano huu: mahali, nani alikuwepo, nani alikuja na lini, nini kikatokea. Aliyekuwepo aje kabla ya aliyekuja. Kikundi kikishindwa kuijaza nafasi ya "nani alikuwepo", kazi ya utafiti haijaisha, na fedha ya jiwe isitoke bado.

Maneno mengine yana upande. Nyangao misheni ya Wabenediktini ilianza 1896, ya Lukuledi mwaka mmoja kabla, na zote mbili zilichomwa Agosti 1905. Mwaka uliofuata watawa wakaanzisha Ndanda. Waliochoma ni nani? "Waasi" ni neno la aliyetawala. "Mashujaa" ni neno la mnara wa taifa. "Wapiganaji wa Maji Maji" linaeleza walichokuwa bila kumpa msomaji hukumu mkononi, na mimi ningebaki nalo. Vivyo hivyo "Magwangwara", jina lililojaa kwenye barua za wamisionari. Mwenyeji wa leo anasema Wangoni. Anayetaka kuona jinsi maneno na mawe yanavyogombana aende Kilwa Kivinje. Mji ni mdogo, lakini kuna nguzo ya Wajerumani wawili waliouawa 1888, na kuna mnara wa Mwembe Kinyonga unaomkumbuka Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, na wenzake walionyongwa 1895. Vyote viwili vibaki. Kibao cha tatu kinachoeleza nani alisimamisha kila kimoja, na kwa nini, kingefaa kuliko kubomoa.

Mahiwa ni mtego wa namna nyingine. Majina ya majenerali yanapatikana kirahisi: kila mtu anamjua Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa pande zote mbili ndio waliokuwa wenyeji wa maeneo haya, na wengi hawana kaburi lenye jina. Angalau neno "wapagazi" liwepo kwenye jiwe. Tendaguru, upande wa Mbwemkuru, wachimbaji wa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wana bahati kidogo, kwa kuwa jina la msimamizi wao, Boheti bin Amrani, limehifadhiwa pamoja na ya Wajerumani Janensch na Hennig. Mifupa ilibebwa kwa miguu mpaka Lindi, mwendo wa siku nne. Liandikwe.

Neno "inasemekana" lisiogopwe. Mikindani kuna nyumba inayohusishwa na Livingstone. Kwamba alifika ghuba ile Machi 1866 na kuondoka Aprili kuelekea bara, hilo liko kwenye shajara yake. Kwamba alilala kwenye kuta zile zile zinazoonyeshwa leo ni jambo jingine, na kibao kinachotenganisha hayo mawili kwa neno moja kinaaminika zaidi kuliko kinachoapa.

Tarehe za makaburi ya pwani zina hesabu yake. Mwaka wa Hijria ukizidisha kwa 0.97 na kuongeza 622 unapata Miladi kwa ukaribu, lakini mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo karibu kila mara unakalia miaka miwili ya Miladi. Jiwe lililoandikwa 1282 lilichongwa kati ya mwisho wa Mei 1865 na katikati ya Mei 1866. Usipokuwa na mwezi, andika 1865/66. Anayeandika 1866 peke yake amebahatisha. Bara, ambako hakuna maandishi, tarehe hushikwa kwa tukio: kabla au baada ya Maji Maji, jando la mwaka fulani, njaa fulani. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mrithi wa mkubwa wa kijiji mara nyingi ni mpwa wake. Anayehesabu vizazi kwa baba na mwana atatoka na orodha isiyofungamana, kisha atawalaumu wazee kwamba wamesahau.

Ujenzi sasa, kwa haraka. Kibao cha barabarani: nguzo mbili za bomba la mabati la inchi mbili, bati la chuma la milimita mbili, mashimo mawili ya sentimita 40 kwa 40, kina 80. Zege la 1:2:4 kwa mashimo yote mawili ni mifuko miwili ya saruji, toroli mbili za mchanga na nne za kokoto, zilizojaa vizuri. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Mafundi hupenda zege la uji kwa sababu linashuka lenyewe, na ndilo linalopasuka. Limwagiliwe siku saba likiwa limefunikwa magunia. Bomba lijazwe zege ndani, vichwa vya bolti vichomelewe. Hili si pambo: bati jepesi na bomba tupu huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mbao zisahau kabisa, mchwa hawangoji mvua ya pili. Shaba nyeupe na aluminiamu zisahau pia, kwa sababu hiyo hiyo ya chuma chakavu.

Udongo hubadilika njiani. Chini bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo shimo liende mita 1.2 na chini yake iwekwe changarawe iliyoshindiliwa, la sivyo nguzo itaegama mwaka wa pili. Juu Newala na Tandahimba ni mchanga mwekundu usioshika. Ongeza upana wa shimo badala ya kina. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, mchanga wa ufukweni usitumike kwa bei yoyote. Chumvi yake hula nondo kutoka ndani, na zege linabanduka vipande. Wala saruji isitumike kuziba ukuta wa matumbawe: ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia unyevu na chumvi, na baada ya misimu michache ukuta unamenyeka pembeni ya kiraka huku kiraka kikibaki kizima. Ukuta ule unataka chokaa, moja kwa mchanga tatu.

Jiwe la maandishi lifinyangwe kwa zege lenye wavu wa chuma, sentimita 60 kwa 90, unene wa sentimita 6. Litakuwa na kilo 78 hivi, kwa hiyo watu wanne na si wawili. Likimwagwa kifudifudi ili uso utoke laini, herufi za mbao ndani ya kalibu zipigiliwe kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, na kosa linaonekana siku ya kugeuza tu, wageni wakiwa wameshaalikwa. Weka kioo cha kujitazamia mbele ya kalibu na usome kabla ya zege kumwagwa. Asome mtu ambaye hakuandika. Aliyeandika husoma alichokusudia, hata kama "Lukuledi" imekuwa "Lukuleli".

Herufi zilizozama milimita sita hupakwa rangi nyeusi. Nyekundu hufifia kwanza juani. Jiwe lilalie nyuma kidogo, kama digrii kumi na tano, ili maji yatiririke na anayesoma asiiname. Pembezoni pasafishwe mita tatu kabla ya Agosti, moto wa mashamba unapoanza, kwa sababu zege lililopata joto kali kisha maji hupasuka hata kama lilichanganywa vizuri.

Muhtasari wa mkutano ule wa kijiji utaje pia nani anapaka rangi upya na nani analipia kopo. Juni, mvua zikishakatika, nusu lita inatosha.